Leseni ya CPA yenye mipaka: ukihama jimbo Marekani, mipaka inabaki nyuma au inakufuata?

#1 Mshale wa Pwani
Wakuu, salaam. Kesi iko hivi. Mhasibu ana leseni ya CPA (mhasibu wa umma aliyeidhinishwa) ya California, aina G, ile isiyomruhusu kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Familia inahamia Houston mwezi wa 8. Ofisi inayompokea inasema Texas hawana G wala A (A ndiyo inayoruhusu kusaini), akiomba anapewa leseni nzima. Mwingine kamwambia kikwazo cha leseni ni kama deni la duka, utahama mtaa lakini daftari litakufuata. Nani kati yao yuko sahihi? Na aanze kuomba lini?

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Wenye Texas yao waje.

#3 Daftari Kuu
Mkuu Mshale, kwanza tulitenganishe hilo neno "mipaka", maana kwenye mada hizi watu huongea lugha tatu kwa wakati mmoja.

Kuna leseni yenye mipaka tangu siku inatolewa, kwa sababu ya uzoefu ulioonyesha. G ya California ndiyo hiyo. Kuna iliyolala: mwenyewe kaamua kuiweka bila kazi ili asihangaike na saa za mafunzo endelevu, halafu rekodi inasoma "haitumiki". Na kuna iliyobanwa na bodi ya jimbo inayotoa leseni, kwa amri ya nidhamu: mwenyewe yuko kwenye probesheni (kipindi cha uangalizi), au amekatazwa aina fulani ya kazi, ukaguzi kwa mfano.

Hizi tatu zinasafiri tofauti kabisa. Ya kwanza haina doa. Bodi ya California ikiulizwa itajibu kwamba leseni ni hai na haina adhabu, basi. Ya pili inatakiwa iamshwe kwanza. Ya tatu ndiyo daftari la duka ulilotajiwa. Mtu wako yuko kwenye kundi la kwanza, kwa hiyo aliyemtisha alikuwa anajibu swali la mtu mwingine.

#4 Bi Leja
Nyongeza ndogo kwa #1, isije ikapotosha wasomaji. G haimzuii mtu kufanya kazi ya ukaguzi. Anaweza kukaa kwenye timu, kuhesabu stoo, kuandaa karatasi za kazi, hata kusimamia wadogo. Asichoweza ni kutia sahihi ripoti. Na kinachozuiwa ni ripoti za ukaguzi, za mapitio, na za uchunguzi wa makadirio ya hesabu zijazo. Kupanga hesabu za mteja bila kutoa uhakikisho wowote, California hawakuhesabu humo, kwa hiyo G anasaini. Kodi na ushauri ndiyo usiseme.

#5 Kibubu cha Udongo
Sawa, tuje Texas. Njia iliyonyooka kwa mwenye leseni ya nje ni ile inayoitwa "nne katika kumi": miaka 4 ya uzoefu baada ya kufaulu mtihani, ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba. Akiwa nayo, bodi haifukui tena shahada yake ya kwanza wala nani alimsimamia mwaka wake wa kwanza. Hapo ndipo G inapoyeyuka, kwa sababu swali la saa 500 za kazi ya ukaguzi, zile zinazodaiwa ili upewe A, ni la California, Texas hawaulizi.

Karatasi zenyewe: ombi la leseni ya kutambuliana, alama za vidole, kozi ya maadili ya saa 4 iliyoidhinishwa na bodi ya Texas (ya California haihesabiwi), mtihani wa kanuni zao za maadili ambao unafanya huku umefungua kitabu, na fomu ya kubadilishana taarifa baina ya majimbo.

Hiyo fomu ya mwisho ndiyo inayowakwamisha wengi. Mwombaji anajaza sehemu ya juu tu. Bodi ya kule alikofanyia mtihani na bodi ya kule alikopewa leseni zinajaza zilizobaki na kuituma zenyewe moja kwa moja. Ukiipokea wewe mkononi ukaipeleka, inarudishwa. Na kama mtihani ulifanyia jimbo moja na leseni ukachukua jingine, ni fomu mbili kwa bodi mbili, si moja.

#6 Mzee Salio
Kibubu umeeleza vizuri lakini umekimbia pale penye mwiba. "Miaka 4 ya uzoefu" wa nini? Mwenye G wengi wako viwandani, hospitalini, serikalini, wanafunga vitabu vya mwezi. Kuna bodi zinazosoma sheria yao kuwa ni miaka ya kuhudumia umma, yaani ukiwa ofisi ya uhasibu. Sheria ya mfano iliyoandikwa na AICPA (chama cha ma-CPA wa Marekani) pamoja na NASBA (umoja wa bodi za majimbo) inakubali uzoefu wa viwanda, serikali na vyuo, ila ile ni sheria ya mfano tu. Kila jimbo limekata kipande chake.

Kwa hiyo mimi nasema mipaka inakufuata, ila haiji kwa mlango wa leseni. Inaingilia dirisha la uzoefu.

#7 Kiti cha Mbele
Mzee Salio kaingia kwa dirisha 😂

#8 Daftari Kuu
#6, nakubali nusu. Ukikosa hiyo nne katika kumi hufi. Unarudi njia ya pili: unaonyesha kuwa ulipopewa leseni ya kwanza ulikidhi masharti yanayolingana na ya Texas ya mwombaji mpya. Hapo wataangalia saa 150 za masomo (vipande vya muhula chuoni, si saa za ukutani), mtihani, na mwaka 1 wa kazi isiyo ya mazoea chini ya CPA. "Isiyo ya mazoea" maana yake kazi inayohitaji uamuzi wako: kodi, ukaguzi, ushauri, uchambuzi. Kuingiza ankara kwenye mfumo kuanzia asubuhi hadi jioni hakuhesabiwi, hata ukiifanya miaka 7.

Na ya tatu ipo, wachache wanaikumbuka: kuhamisha alama za mtihani na kuomba leseni kama mtu mpya. Ukishafaulu sehemu zote 4 alama hazichachi. Ni njia ndefu, lakini humsaidia mtu ambaye leseni yake ya kwanza ina utata wa uzoefu.

#9 Bi Leja
Kwa njia hiyo ya tatu, waliosoma nyumbani wajiandae. Tathmini ya shahada ya Dar es Salaam au Nairobi iliyokubaliwa na bodi moja si lazima ikubaliwe na ya pili. Kila bodi ina orodha yake ya watathmini, wengine wanataka ya NASBA peke yake. Tena saa 150 za California zina masharti yake ndani: vipande 20 vya masomo ya uhasibu na 10 vya maadili. Jimbo jingine likihesabu nakala zile zile linaweza kupata jumla tofauti.

Halafu majina! Pasipoti ina majina matatu, mtihani una mawili, leseni ina la ndoa. Bodi ikituma fomu kwa jina moja na NASBA ina jina jingine, faili linalala mpaka mtu aandike barua. Rekebisha jina kwenye bodi ya zamani kabla hujaomba kwenye mpya. Rahisi kuliko kulikimbiza baadaye.

#10 Mshale wa Pwani
Nashukuru sana. Mtu ana miaka 6 kwenye ofisi ya kodi tangu afaulu, kwa hiyo dirisha la Mzee Salio limefungwa. Swali la nyongeza: siku moja akirudi California na leseni nzima ya Texas, si anakuwa amepata A kwa mlango wa nyuma?

#11 Kibubu cha Udongo
Hapana. Wakati wa kurudi swali linaamka. California ukiomba kutokea jimbo jingine, ukitaka mamlaka ya kusaini ripoti za ukaguzi lazima uonyeshe zile saa 500. Usipozionyesha, unapewa G. Texas haikufutii deni, imekuuzia tu bila kuuliza.

Na saa 500 siyo kukaa ofisini saa 500 wakati wenzio wanakagua. Fomu yao ya uzoefu wa ukaguzi inataka mtu athibitishe ulishiriki kupanga ukaguzi, kutumia taratibu za aina mbalimbali, kuandaa karatasi za kazi, kuandika maelezo ya ulichokikuta, na kushiriki kuandaa taarifa za fedha zenye maelezo kamili pamoja na ripoti. Msimamizi anajaza. Mtu akiwa na saa 700 za kuhesabu stoo peke yake bado hajatimiza.

#12 Mzee Salio
Sasa hapa ndipo nawakamata wote. Kibubu anasema Texas inakupa leseni nzima. Nzima kwenye karatasi! Ukitaka kusaini ukaguzi Texas unahitaji ofisi yenye leseni ya ofisi, hata ukiwa peke yako chumbani. Ofisi ikifanya ukaguzi inaingia kwenye mapitio ya wenzi wa taaluma, yaani wahasibu wengine wanapima ubora wa kazi yake, kila miaka 3. Mkaguzi wa wenzi atauliza: huyu aliyesaini alijifunzia wapi? Ukisaini ukaguzi wa kwanza ukiwa na miaka 6 ya kodi tu, ripoti yako itashindwa, na ripoti zikishindwa mfululizo bodi inapewa taarifa. Leo hakuna kikwazo, kesho kutwa unakitengeneza mwenyewe, tena chenye doa.

#13 Daftari Kuu
Hilo la mapitio ni kweli, na nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Ila si mipaka ya leseni, mzee. Ni umahiri. Usituchanganyie.

#14 Mzee Salio
Mteja akikushtaki hataona tofauti.

#15 Mchachu wa Ndimu
Mnazunguka G wakati wasomaji wengi wa mada hii (msijifiche) wanatafuta lile kundi la tatu. Niseme wazi.

Aliye kwenye probesheni California asidhani akihama saa inaendelea kuhesabu. Masharti ya kawaida ya amri zao yanasema ukiondoka jimboni kuishi au kufanya kazi nje, uwaandikie tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na muda wote ulio nje haupunguzi probesheni. Una miaka 3, umetumikia 1, ukakaa Houston miaka 5: ukirudi bado una 2. Sharti la kulipa gharama za kesi halisimami kwa sababu umehama.

Kwa hiyo anayehama katikati anakuwa na saa iliyosimama kwenye jimbo moja na ombi lenye doa kwenye la pili. Jimbo la pili lina njia tatu: kukataa, kukupa leseni yenye masharti yale yale, au kusubiri umalize kule. Na kule huwezi kumaliza maana saa imesimama. Ndiyo mtego.

#16 Kiti cha Mbele
Mchachu kweli wewe.

#17 Gogo la Mnazi
#15, na akijaza "hapana" pale wanapouliza kama amewahi kuadhibiwa? Majimbo 50 haya, nani atafuatilia?

#18 Bi Leja
Kaka Gogo, mamlaka za leseni ni 55 ukiongeza Washington DC, Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini, na karibu zote zinasoma hifadhidata moja ya NASBA. Umma wenyewe unaisoma bure kwenye CPAverify: jina, namba, hali ya leseni, na kwa majimbo yanayotuma taarifa hizo, alama ya kwamba kuna hatua ya nidhamu. Ile fomu ya Kibubu ya #5 nayo ina swali hilo hilo, tena inajibiwa na bodi, si na wewe.

Uongo kwenye ombi ni kosa jipya linalojitegemea. Mtu aliyeadhibiwa kwa kuchelewesha saa za mafunzo angepita kwa maelezo ya ukurasa mmoja na nakala ya amri. Akidanganya anageuka mtu wa udanganyifu, na neno hilo haliponi.

Soma swali lilivyoandikwa. Mengine yanauliza "bodi yoyote", mengine yanaongeza IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho), SEC (msimamizi wa masoko ya hisa) na PCAOB (msimamizi wa wanaokagua kampuni za soko la hisa), mengine yanataka hata shauri ambalo bado halijaamuliwa.

#19 Gogo la Mnazi
Niliuliza tu jamani.

#20 Kibubu cha Udongo
Alikuwa anaulizia rafiki.

#21 Mchachu wa Ndimu
Na wale wanaoshauriwa "irudishe tu leseni uanze upya kwingine": kuisalimisha wakati mashtaka yameshafunguliwa kunahesabiwa kuwa adhabu ya nidhamu. Rekodi itasema ilisalimishwa chini ya mashtaka. Afadhali anayebaki, akamaliza masharti, halafu akaomba kwa leseni safi yenye historia. Historia inaelezeka.

#22 Tarishi wa Kodi
Kama kazi ya mtu ni kodi za shirikisho, kwa nini abebe mzigo wa majimbo? Kuna EA (Enrolled Agent, wakala wa kodi), leseni ya IRS yenyewe. Mtihani wa sehemu 3, unahitaji PTIN (namba ya IRS ya mwandaaji wa kodi), hawadai shahada. Mafunzo ni saa 72 kwa miaka 3, zisizopungua 16 kila mwaka, 2 kati yake maadili. Ukihama Houston, Minneapolis au Columbus, inahama nawe.

#23 Daftari Kuu
Kweli kwa mwenye G. Kwa aliyeadhibiwa si pa kujificha. Circular 230, yaani kanuni za wanaowakilisha watu mbele ya IRS, kifungu 10.82, kinampa IRS njia ya haraka ya kumsimamisha mtu ambaye leseni yake ya CPA imesimamishwa au kufutwa na jimbo kwa kosa. Wala si lazima kosa liwe la kodi.

Mwenye G naye akumbuke fomu 2848, ile ya kumwakilisha mteja mbele ya IRS. Sehemu ya mwisho unaandika jimbo lililokupa leseni na namba yake. Ukishapata ya Texas ukaachia ya California ife, fomu zako mpya zisiendelee kuandikwa California. Kosa la kizembe hilo, na mifumo ya ofisi hujijazia yenyewe taarifa za zamani.

#24 Mwana wa Leja Nyekundu
Mimi niko nje ya mada kidogo: CPA(K) ya Kenya au ya NBAA ya Tanzania nayo inahamishika kwenda huko?

#25 Bi Leja
Haihamishiki moja kwa moja. Wamarekani wana makubaliano ya kutambuliana na vyama vya nchi chache, Kanada na Australia zikiwemo; Kenya na Tanzania hazimo. Unafanya mtihani wao wote. Kwa sisi kwa sisi yako makubaliano ya 2011 ya taasisi za Afrika Mashariki: ICPAK ya Kenya, NBAA, ICPAU ya Uganda na wenzao wa Rwanda na Burundi. Hata huko ukiangalia utaiona G ya kwetu: NBAA wanaandikisha ACPA (mhasibu mwanachama), na ACPA-PP ndiye mwenye ruhusa ya kuhudumia umma. Kenya uanachama ni kitu kimoja, cheti cha kufanya kazi ya umma ni kingine.

#26 Mwana wa Leja Nyekundu
Shukrani dada. Kumbe ugonjwa ni ule ule.

#27 Tarishi wa Kodi
Turudi kwa Mshale. Kwani lazima aombe Texas? Ile haki ya kufanya kazi jimbo jingine bila leseni yao, bila taarifa wala ada, si ipo karibu kila mahali? California wenyewe waliifungua hivyo Julai 2013.

#28 Kibubu cha Udongo
Ipo kwa mtu ambaye makao yake makuu ya kazi yako kwingine. Ukihamia Houston ukafungua meza Houston, Houston ndiyo makao. Haki imekufa siku hiyo.

#29 Tarishi wa Kodi
Soma tena sheria ya mfano. Makao makuu ya kazi ni ofisi ambayo mwenye leseni mwenyewe ameitaja kuwa ndiyo. Akiendelea kuajiriwa na ofisi ya Los Angeles, anafanya kwa mtandao akiwa Houston, anaitaja Los Angeles. Anayo haki hiyo.

#30 Mzee Salio
Na mteja wake wa kwanza wa Houston anayemfuata sebuleni? Kadi ya biashara ina anwani gani? Kutaja ofisi si kupiga ramli, lazima ilingane na mahali kazi inapofanyika.

#31 Tarishi wa Kodi
Sheria haijasema sebule. Imesema ofisi aliyoitaja.

#32 Daftari Kuu
Nyote mna hoja na bodi mbalimbali zimesoma maneno hayo kwa namna mbili. Ila mtu wa #1 anaajiriwa na ofisi ya Houston, kwa hiyo hana pa kutaja pengine. Na sheria ya mfano inataka aombe kabla hajaweka makao, si baada. Mwezi wa 8 anahama: fomu za kubadilishana taarifa azitume mwezi wa 4, vidole na kozi ya maadili mwezi wa 5. Bodi ya California ikichelewa kujaza, Texas haiwezi kusogea hatua.

California asiiue haraka. Aiache hai mpaka ya Texas ipo mkononi, na saa za mafunzo ziendelee: California ni 80 kwa miaka 2 na zisizopungua 20 kila mwaka, Texas 120 kwa miaka 3, nako zisizopungua 20 kwa mwaka. Akiilaza leo halafu akaitaka, atatakiwa kuonyesha saa 80 za miezi 24 iliyopita kabla ya kuiamsha.

#33 Mke wa Koplo
Msisahau familia za jeshi. Sheria ya shirikisho ya Januari 2023 inatambua leseni ya mwanajeshi au mwenzi wake anayehama kwa amri ya jeshi. Unapeleka nakala ya amri kwa bodi mpya. Leseni iwe haina doa.

#34 Mchachu wa Ndimu
Isiyo na doa. Tunarudi kwangu.

#35 Gogo la Mnazi
Na hii njia mpya ya shahada ya kawaida, miaka 2 ya kazi na mtihani, bila saa 150? Ohio imeanza 1 Januari 2026. Aliyepata kwa njia hiyo akihamia jimbo ambalo bado linadai 150, si naye ana mipaka?

#36 Bi Leja
Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo 😄 Zamani jimbo zima lilipimwa kama masharti yake yanalingana na ya wengine. Sasa majimbo mengi yanageuza sheria yampime mtu mwenyewe: ana shahada, kafaulu, ana leseni safi, apite. Ila kupita kufanya kazi kwa muda bila leseni ya huko ni jambo moja, kuhamia na kuomba leseni ni jingine. Kwa kuhamia, mpaka atimize nne katika kumi, jimbo lisilobadilika linaweza kumdai zile saa 30 zinazopungua kati ya 120 za shahada ya kawaida na 150.

#37 Mzee Salio
Dirishani.

#38 Kibubu cha Udongo
Mzee, safari hii ni mlangoni kabisa. Mshale, mtu wako mtihani alifanyia California au kwingine? Maana kama ni kwingine, fomu ni mbili.

#39 Mshale wa Pwani
Kumbe mtihani alifanyia Guam.

#40 Kiti cha Mbele
Wapi tena?!